SOMO LA KUMI NA MBILI: Majina ya Mahali na Majina ya Watu — Asili, Ngeli na Matumizi

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mwalimu mwanafunzi aweze:
(a) kueleza njia ambazo jina hupitia kutoka mahali hadi kwa mtu, na kutoka kwa mtu hadi mahali;
(b) kuonyesha upatanisho wa kisarufi unaofaa kwa jina moja katika matumizi yake mbalimbali;
(c) kupima kwa hoja maelezo ya asili ya jina, badala ya kuyapokea kwa sababu yanapendeza;
(d) kuandika na kutamka majina ya wanafunzi wake bila kuyaharibu.

12.1 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi wilayani Koboko. Mwalimu mwanafunzi, kijana hodari aliyejiandaa vizuri, alikuwa akifundisha matumizi ya kamusi. Alipowaomba watoto wapendekeze neno la kutafuta, darasa zima lilipaza sauti: “Koboko!” Mwalimu akafungua kamusi, akasoma kwamba koboko ni aina ya nyoka mkubwa mwenye sumu kali. Watoto wakacheka. Kicheko kilipotulia, msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono na kuuliza: “Mwalimu, kumbe sisi ni watu wa nyoka?”

Mwalimu hakuwa na jibu. Alitabasamu, akageuza ukurasa, akaendelea na neno jingine. Sisi tuliokuwa tumekaa pembeni na daftari la tathmini tulijua kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Tulikuwa tumemfundisha ngeli za nomino kwa miaka miwili, lakini hatukuwa tumemfundisha namna ya kulijibu swali la mtoto kuhusu jina la kwao. Somo hili limeandikwa ili kuliziba pengo hilo.

Hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kwamba kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wa Nili ya Magharibi wataipokea lugha hii kutoka kwa walimu wanaosoma kitabu hiki. Ikiwa siku ya kwanza lugha itaingia darasani kwa kuyacheka majina yao, itakuwa kazi ngumu kuwashawishi kwamba nayo ni yao.

12.2 Nomino za pekee na tabia zake

Nomino ya pekee hutaja kitu kimoja mahususi: mtu, mahali, mto, mlima, chama au taasisi. Huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, na kwa kawaida haina wingi. Hatusemi “Maarua mawili”, wala hatumwiti Candia na wenzake “Macandia”. Tunasema “akina Candia”.

Hata hivyo, nomino za pekee hazikushuka kutoka mbinguni zikiwa majina. Nyingi zilianza kama maneno ya kawaida, na baadhi bado huishi maisha mawili. Tuchukue neno Idi:

1. Idi imefika. (Sikukuu imewadia.)
2. Idi amefika. (Mtu aitwaye Idi amekuja.)

Maumbo ya nomino hayatofautiani hata kidogo. Kinachobeba tofauti ni kiambishi cha upatanisho: i- katika sentensi ya kwanza, a- katika ya pili. Kanuni tunayoipata hapa ndiyo msingi wa somo lote: *jina la pekee hupatanishwa kwa kufuata kile linachokitaja, si kwa kufuata umbo lake wala asili yake.*

12.3 Jina la mahali na upatanisho wake

Jina la mahali katika Kiswahili lina njia kuu mbili za upatanisho, na mwalimu asipozitenganisha atawachanganya wanafunzi wake.

(a) Mahali kama mji, nchi au chombo cha utawala. Hapa tunatumia upatanisho wa ngeli ya I-ZI:

3. Arua ilipata hadhi ya jiji mwezi Julai 2020.
4. Koboko imepakana na nchi mbili: Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

(b) Mahali kama nafasi ambamo mambo hutokea. Hapa tunatumia viambishi vya ngeli ya mahali, yaani pa-, ku- na mu-:

5. Arua kumenyesha tangu alfajiri.
6. Koboko kuna soko kubwa.
7. Arua mna watu wa makabila mengi.

Tofauti hii hujitokeza pia katika virejeshi. Tunasema “Arua, *ambayo* ilipata hadhi ya jiji” tunapoufikiria mji kama kitu kimoja kilichopewa hadhi. Tunasema “Arua, *ambako* tulizaliwa” tunapoifikiria kama nafasi. Vivimilikishi navyo huzingatia hali hiyo: “Koboko *yetu* imeendelea”, lakini “*kwetu* ni Koboko”.

(c) Mahali panapotanguliwa na nomino ya kawaida. Nomino inayotangulia ndiyo hutawala upatanisho:

8. Wilaya ya Koboko ilianzishwa mwaka 2005 kwa kumegwa kutoka wilaya ya Arua.
9. Mlima Liru unaonekana kutoka mbali.
10. Chuo Kikuu cha Muni kimewapokea wanafunzi wapya.

Katika sentensi ya 10, Muni ni jina la mahali, lakini kitenzi kimechukua ki- kwa sababu kiini cha kirai ni “chuo”. Tukilidondosha neno “chuo” na kusema “Muni imewapokea wanafunzi wapya”, upatanisho unarudi kwenye I-ZI. Ndivyo ilivyo pia kwa timu ya mpira ya Onduparaka, iliyochukua jina la mtaa wake karibu na Arua: “Onduparaka imefunga bao” ikiwa tunaitazama klabu, na “Onduparaka wamefunga bao” ikiwa tunawatazama wachezaji. “Onduparaka kumejaa watu” ni habari ya mtaa, wala haihusu mpira.

Sasa tunaweza kumrudia yule msichana wa Koboko. Tulinganishe sentensi tatu:

11. Koboko amejificha kichakani.
12. Koboko imepanuka sana.
13. Koboko kumekucha.

Msemaji yeyote wa Kiswahili akisikia sentensi ya 11 atakimbia. Akisikia ya 12 au ya 13 hatakimbia. Nyoka ni kiumbe chenye uhai, kwa hiyo anapatanishwa kwa a-/wa-. Mji unapatanishwa kwa i-. Mahali panapatanishwa kwa ku-. Hakuna sentensi iliyokamilika ambamo sarufi ya Kiswahili itauchanganya mji na nyoka. Hilo lilikuwa jibu la kwanza ambalo mwalimu angeweza kumpa mtoto, na lingekuwa somo zuri la ngeli kuliko lile lililokuwa katika andalio lake.

12.4 Kiambishi -ni na majina ya mahali

Nomino za kawaida hugeuzwa kuwa mahali kwa kuongezewa -ni: shule, shuleni, mto, mtoni, gereza, gerezani. Majina ya pekee ya mahali hayakubali kiambishi hicho. Hatusemi “Ninakwenda Aruani” wala “Wanaishi Kobokoni”. Tunasema “Ninakwenda Arua”, “Wanaishi Koboko”. Sababu ni kwamba jina la mahali tayari lina dhana ya mahali ndani yake.

Lakini yapo majina mengi ya mahali ambayo yalizaliwa kwa -ni, kisha kiambishi kikaganda na kuwa sehemu ya jina. Unguja mjini kuna Forodhani, Mkunazini na Shangani. Dar es Salaam kuna Gerezani, mtaa uliopakana na Kariakoo. Mtu akisema “Ninaishi Gerezani” kwa herufi kubwa hakufungwa. Anataja mtaa wake. Neno *gereza* lenyewe lina safari ya kushangaza. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Katika ngome za Wareno mwambao mlikuwamo kanisa, na baadaye ngome zikatumika kuwafungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ilitumika kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Neno lilibaki na kuta wakati shughuli za ndani ya kuta zilipobadilika.

Tumelitaja gereza makusudi, kwa kuwa linatupeleka moja kwa moja Arua. Maelezo yanayosimuliwa sana mjini humo husema kwamba jina Arua ni neno la Kilugbara lililoundwa kwa *aru*, yaani gereza, na kiambishi *-a* kinachoonyesha mahali. Kwa maelezo hayo, Arua na Gerezani ni jina moja katika lugha mbili: moja la Kilugbara, ambayo ni lugha ya Sudani ya Kati, na jingine la Kiswahili, ambayo ni lugha ya Kibantu. Lugha hizi hazina undugu wa karibu, lakini kila moja inakifunga kiambishi cha mahali mwishoni mwa nomino, na kila moja hugeuza kirai cha mahali kuwa jina la mji.

Hapa mwalimu anapata daraja zuri la kufundishia. Mwanafunzi mwenye Kilugbara kama lugha ya kwanza hana haja ya kuambiwa kwamba -ni ni jambo geni. Aambiwe: “Kiambishi mnachokijua katika lugha yenu, Kiswahili kinacho cha kwake, nacho kinakaa mahali pale pale, mwisho wa neno.”

12.5 Namna ya kupima maelezo ya asili ya jina

Maelezo ya asili ya jina ni matamu, na kwa sababu ni matamu huenea haraka kuliko ushahidi wake. Tunapendekeza majaribio matatu.

*Jaribio la kwanza: ni lugha ya nani?* Jina huundwa kwanza katika lugha ya walioliita. Wenyeji wa Koboko ni Wakakwa, na Kikakwa ni lugha ya Kiniloti ya Mashariki, ndugu wa Kibari cha Sudani Kusini na jamaa wa mbali wa Kimaasai. Kueleza jina la nchi ya Wakakwa kwa kamusi ya Kiswahili ni sawa na kumtafuta ndugu wa mtu katika ukoo wa jirani kwa sababu tu pua zao zinafanana. Neno la sauti hizo hizo linapatikana hata Nigeria, ambako koboko ni mjeledi. Wala hakuna anayesema kwamba mji wetu uliitwa kwa mjeledi wa Nigeria. Mfanano wa sauti si ushahidi wa asili. Hilo ni jibu la pili ambalo yule msichana alistahili kupewa.

*Jaribio la pili: je, muundo wa neno unakubali?* Maelezo ya Arua yanafaulu hapa, kwa kuwa kiambishi -a cha mahali kinapatikana katika majina mengine ya Kilugbara, kama tutakavyoona katika sehemu ya 12.7. Lakini tahadhari inahitajika. Kilugbara ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi zile zile yanaweza kuwa maneno mawili tofauti kabisa. Mwalimu asiyeijua lugha hiyo asiamue kwa kutazama herufi. Amwite mzee anayeijua, alitamke neno mbele ya darasa.

*Jaribio la tatu: je, historia inakubali?* Jina haliwezi kutokana na kitu kilichokuja baada yake. Anayesema kwamba mji uliitwa kwa gereza hana budi kuonyesha kwamba gereza lilitangulia. Jina likionekana kuwa la kilima kabla ya boma la serikali kujengwa, maelezo huanguka hata kama mofolojia yake ni safi. Jaribio hili ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linaloamua.

12.6 Majina ya Kiingereza katika nchi ya Nili ya Magharibi

Majina ya kigeni nayo yana asili na safari zake. Eneo la Nili ya Magharibi lilipita mikononi mwa watawala kadhaa kwa muda mfupi. Mwaka 1894 lilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alipofariki mwezi Desemba 1909, haki hiyo ilikoma, na mwaka 1910 eneo likarudi Sudani. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead akawa mkuu wa kwanza wa wilaya, makao yake yakiwa Arua. Jina lake limesalia katika jina la barabara mojawapo ya mji huo.

Weatherhead ni mfano bora wa jina la ukoo la Kiingereza linalodanganya. Anayelisoma kwa kukata herufi zake atapata maneno mawili ya Kiingereza cha leo: hali ya hewa na kichwa. Atashangaa ni ukoo gani uliojiita “kichwa cha hali ya hewa”. Asili yake ni nyingine. Katika Kiingereza cha zamani za kati, sehemu ya kwanza ilikuwa *wether*, yaani kondoo dume aliyehasiwa, na ya pili ilikuwa *herd*, yaani mchungaji. Jina hilo, basi, ni la kazi: mchunga kondoo. Tahajia ilibadilika, maana ya zamani ikasahaulika, na maneno yanayojulikana zaidi yakavaa nafasi ya yale yaliyosahaulika. Mtego uliomnasa mtoto wa Koboko ndio uleule unaomnasa Mwingereza kwa jina lake mwenyewe: sikio hulivuta jina lisilojulikana kuelekea neno linalojulikana.

Majina mengine ya ukoo ya Kiingereza yalianza kuwa mahali, yakawa ya watu, kisha yakarudi kuwa mahali. Washington ni kijiji cha kaskazini-mashariki ya Uingereza. Familia iliyotoka huko ikachukua jina la kijiji. Mzao wake, George Washington, akawa rais wa kwanza wa Marekani. Na mji mkuu wa nchi hiyo ukaitwa kwa jina lake. Katika Kiswahili jina hili linatuonyesha upatanisho mara mbili: “Washington *alichaguliwa*” ni habari ya mtu, “Washington *imetangaza*” ni habari ya serikali yenye makao yake mjini humo. Mwambao wetu nao una desturi kama hiyo kwa njia ya Kiarabu: mtu wa Barawa huitwa al-Barawi, na jina la Washirazi linaelekeza kwenye mji wa Shiraz wa Uajemi.

Jina jingine la Kiingereza katika eneo letu ni Rhino Camp, ukingoni mwa Mto Nile. Linakumbusha enzi za uwindaji. Mwezi Januari 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza muda wake wa urais wa Marekani, alipiga kambi katika eneo hilo pamoja na mwanawe Kermit ili kuwinda vifaru weupe. Vifaru hao walitoweka Uganda kabla karne haijaisha, na dume la mwisho la jamii yao ya kaskazini, lililoitwa Sudan, lilikufa nchini Kenya mwezi Machi 2018. Kambi ya wawindaji haipo, na kifaru hayupo. Jina limebaki, na tangu mwaka 1980 limekuwa pia jina la makazi ya wakimbizi. Mtoto wa Sudani Kusini anayesema “Ninasoma Rhino Camp” hana habari ya kifaru wala ya Roosevelt. Anataja tu mahali alipo. Ndipo tunapoona tofauti kati ya *asili* ya jina na *matumizi* yake. Asili hueleza jina lilikotoka. Haliwalazimishi wanaolitumia leo.

Wakati mwingine neno la Kiingereza huyeyuka kabisa katika matamshi ya Kiswahili. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi, *Carrier Corps*, kiliwekwa katika eneo ambalo leo linaitwa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kutoka chanzo hicho hicho, ila tahajia yake imebaki karibu zaidi na Kiingereza. Jina moja limepokewa kwa njia mbili: moja imelivika irabu ya mwisho ya Kiswahili, nyingine haikufanya hivyo.

Majina ya kwetu nayo husafiri. Jijini Kampala kuna mahali paitwapo Arua Park, ambako mabasi ya kwenda Nili ya Magharibi na Sudani Kusini huanzia safari. Abiria anayesema “Nimeshuka Arua Park” hajafika Arua. Ndiyo kwanza ameingia Kampala. Mwalimu anaweza kuutumia mfano huu kuonyesha kwamba jina la mahali linaweza kutaja mwisho wa safari hata likiwa limebandikwa mwanzo wake.

12.7 Majina ya watu na rejista ya darasa

Tumefika mahali ambapo sarufi inagusa maisha ya mtoto moja kwa moja.

Jina la ukoo la Kiingereza hurithiwa: baba, mwana na mjukuu hulibeba lile lile. Kwa Waswahili wa mwambao, mtu hutajwa kwa jina lake, la baba na la babu, wakati mwingine kwa kutumia *bin* au *binti*. Miongoni mwa Walugbara, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ambalo mara nyingi hueleza hali ya nyumba wakati alipozaliwa. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasichangie jina hata moja. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi miongoni mwao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, alionyesha kwamba majina mengi kati ya hayo hutaja dhiki, kifo au ugomvi, na kwamba mama ana sauti kubwa katika kuyatoa.

Tutazame Candia. Jina hili lina *candi*, yaani taabu au mateso, na kiambishi -a cha mahali tulichokitaja: “taabuni”. Candiru ni la mwanamke, likiwa na -ru. Ayikoru lina *ayiko*, yaani furaha. Draru lina *dra*, yaani kifo. Mwalimu asikimbilie kumhurumia mtoto aitwaye Candia, wala asimtafsirie jina mbele ya wenzake kana kwamba ni ugonjwa. Jina hilo ni kumbukumbu ya yale ambayo mama alipita nayo akamzaa mtoto akiwa hai. Mwambao nako majina ya Shida, Tabu na Mashaka yapo, na wenye majina hayo huitwa kwa heshima. Kwa upatanisho, yote huingia ngeli ya A-WA bila kujali maana: “Shida *amekuja*”, “Candia *amefaulu*”. Ukisema “Shida imekuja”, umeleta balaa badala ya mgeni.

Sasa tahajia. Katika maandishi ya Kilugbara herufi *c* hutamkwa kama *ch* ya Kiswahili. Kwa hiyo Candia husomwa kwa sauti ya *ch*, na mwalimu anayemwita mtoto “Kandia” amekosea matamshi. Lakini mwalimu anayemwandika “Chandia” kwa sababu Kiswahili hakina *c* pekee amefanya kosa kubwa zaidi. Ndivyo ilivyo kwa *dr* katika Draru: mzungumzaji wa Kiswahili huelekea kuingiza irabu katikati, “Diraru”. Ulimi unaweza kusamehewa, kalamu isisamehewe.

Tunalisema hili kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kulifanya. Tulipokuwa walimu vijana, tulimwandika mvulana mmoja “Chandia” katika rejista, tukiamini kwamba tunakilinda Kiswahili sanifu. Rejista ile ndiyo iliyotumika kuandaa orodha ya mtihani. Jina la cheti chake likapishana na jina la hati yake ya kuzaliwa, na baba yake, mkulima aliyeishi mbali na mji, alilazimika kufunga safari mara tatu na kuapa mbele ya wakili ili kuthibitisha kwamba mwanawe ni mwanawe. Hakutulaumu. Alituuliza tu: “Mwalimu, herufi hiyo moja mliipata wapi?” Tulijifunza siku hiyo kwamba usanifu wa lugha hauna mamlaka juu ya jina la mtu. Maneno ya kawaida yanayokopwa huvaa umbo la Kiswahili, kama vile shule, basi na daktari. Jina la mtu halijakopwa. Limekuja na mwenyewe, na hubaki kama mwenyewe anavyoliandika.

12.8 Majina ya watu, lugha na wakazi

Jina la kabila huchukua m-/wa- kwa watu na ki- kwa lugha au utamaduni: Mlugbara, Walugbara, Kilugbara; Mkakwa, Wakakwa, Kikakwa. Yote huandikwa kwa herufi kubwa. Kwa wakazi wa mji, Kiswahili sanifu hupendelea kirai: “mkazi wa Arua”, “wenyeji wa Koboko”. Upendeleo huu una faida. Si kila mkazi wa Arua ni Mlugbara, wala si kila mkazi wa Koboko ni Mkakwa. Humo mna pia Wanubi, Waalur, Wamadi na wengine wengi. Kirai “mkazi wa” humtaja mtu kwa mahali anapoishi, bila kumpachika kabila asilokuwa nalo.

12.9 Muhtasari

Jina la pekee hupatanishwa kwa kufuata kinachotajwa: mtu kwa A-WA, mji kwa I-ZI, nafasi kwa PA-KU-MU, na nomino inayotangulia jina hutawala upatanisho. Jina la pekee la mahali halipokei -ni. Maelezo ya asili ya jina hupimwa kwa lugha, kwa muundo na kwa historia. Mfanano wa sauti pekee hautoshi. Asili ya jina haiamui matumizi yake ya leo. Na jina la mwanafunzi huandikwa kama mwenyewe na wazazi wake wanavyoliandika.

Mazoezi

1. Sahihisha sentensi zifuatazo, kisha eleza kanuni iliyovunjwa:
(a) Tutakutana Aruani kesho.
(b) Wilaya ya Koboko limepata barabara mpya.
(c) Chuo Kikuu cha Muni imefunguliwa.
(d) Mashaka imefaulu mtihani wake.

2. Tunga sentensi tatu kwa kila jina kati ya haya, ukibadili upatanisho ili kutaja vitu tofauti: Onduparaka, Koboko, Washington.

3. Eleza tofauti ya maana kati ya “Arua ambayo tunaipenda” na “Arua ambako tunapenda kwenda”.

4. Chagua jina moja la kijiji, kilima au mto wa kwenu. Waulize wazee wawili asili yake, kila mmoja kwa wakati wake. Andika maelezo yao bila kuyarekebisha, kisha uyapime kwa majaribio matatu ya sehemu ya 12.5.

5. Chukua rejista ya darasa ulilopangiwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwombe kila mwanafunzi alitamke na kuliandika jina lake mwenyewe. Linganisha na rejista, orodhesha tofauti zote, na umkabidhi mwalimu wa darasa orodha hiyo kabla ya majina ya mtihani kupelekwa.

6. Andika, kwa sentensi zisizozidi kumi na kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la tano ataelewa, jibu ambalo ungempa msichana wa Koboko.